Kigoda Chako Kimevuka Namanga

Mama,

Shikamoo. Naiacha hapo juu ya karatasi, uitikie kwa wakati wako.

Niwie radhi kwa kuchelewa kukuandikia. Mvua za masika zimekwisha kunyesha mara mbili juu ya kaburi lako pale Akheri, na mimi sijakupelekea hata mstari mmoja. Usidhani nilikosa karatasi. Kwanza machozi yalikuwa yakiharibu wino. Halafu akaja mtoto, huyu wa jina lako, akaja na njaa yake na makelele yake, na tangu hapo mikono yangu haijakaa mitupu hata kwa muda wa kuchemsha chai. Lakini sababu ya kweli ni nyingine, nawe utaielewa. Sikutaka kukuandikia barua isiyo na habari. Neno lako la mwisho lilikuwa shingoni mwangu, nikasema sishiki kalamu mpaka nimelitimiza.

Nimelitimiza, Mama. Kigoda chako kimevuka Namanga. Kimekanyaga Nairobi, kimeona mpira wa ugenini, na tumeshinda.

Ngoja nikusimulie taratibu, maana nikikimbia nitalia, na nikilia huyu mdogo ataamka.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kukiandika. Kimeru chetu kinakaa mdomoni, kwenye kalamu hakitulii. Na wewe ulizoea. Lile daftari langu la shule ya misheni si uliniandikisha kwa Kiswahili? Nilikuwa darasa la tatu. Ulirudi mjini jioni, vibuyu vya mtindi vitupu mgongoni, ukaketi, ukasema, "Geuza daftari nyuma, penye kurasa safi. Andika safari yangu ya Nairobi." Mimi nikadhani unaondoka kesho yake, nikaanza kulia. Ukacheka. "Siondoki kesho. Safari ya maskini hupangwa mapema, tajiri ndiye anayeamka na kuondoka."

Miaka ikapita tukiongeza mstari mmoja mmoja. Kila dereva uliyemuuzia mtindi pale Kaloleni ulimtoza na swali. "Andika: usipande lori la mahindi, magunia yanateleza. Panda la maharage, yanakaa kama godoro." "Andika: kwenda keti kushoto, kurudi keti kulia, jua la asubuhi lisikule uso." "Andika: kiburu cha ndizi na maharage kinachacha njiani, chukua viazi vitamu vya kuchoma." "Andika: cheti cha chanjo ya ndui, na barua ya ruhusa ya Mangi." "Andika: mgeni mwenye kibuyu cha maziwa hakosi pa kulala." Ulijuaje yote hayo, wewe ambaye hukupata kuvuka Ngaramtoni?

Na yote hayo kwa ajili ya mpira. Watu walishangaa, hata mimi nilikuwa naona haya nilipokuwa mkubwa kidogo. Mama wa wenzangu walikwenda kwenye kwaya, wangu alikwenda uwanjani, akaweka kigoda chake penye kona, akaketi. Nakumbuka siku yule bwana wa duka la baiskeli alipouliza kwa sauti, "Huyu mama mtindi anatafuta nini hapa?" Nawe hukugeuka. "Natafuta golikipa. Huyu wenu anadaka kama mtu aliyepewa sufuria la moto." Wakacheka mpaka wakakuacha. Toka hapo ukawa Mama Mtindi, na penye kona pakawa pako. Nakumbuka pia kwamba hukupiga vigelegele kwa goli la kwanza hata siku moja. "La kwanza ni la kusalimia. La pili ndilo lenye habari."

Halafu kifua kikakubana, na safari ikabaki kwenye daftari. Siku ile ya mwisho sijaisahau. Nilidhani utaniambia habari za shamba, au za Baba. Ukasema, "Kigoda changu kisizeekee jikoni. Kipeleke kikaone." Nikasema ndiyo, Mama. Nikakichukua nikakileta kwangu Elerai, nikakiweka kando ya mafiga, na sikuketi juu yake. Hakuna aliyeketi. Nai, mjukuu wako mkubwa, alikikalia mara moja nikamwinua kwa mkono, akanitazama kwa mshangao, nami nikashindwa kumweleza.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita nilipeleka mtindi Kaloleni kama kawaida (ndiyo, mimi ndiye ninayeuza sasa, ng'ombe wako yuko kwangu). Shabani, yule fundi cherehani wa kibarazani, ambaye siku hizi ndiye kepteni wa timu yetu, akaniambia bila kuinua mguu kwenye cherehani, "Mama Nai, Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunacheza Nairobi. Mama yako angekuwepo, angeshaanza kuchoma viazi."

Nikaenda nyumbani moja kwa moja, nikalitoa daftari sandukuni.

Usifikiri nilikuwa peke yangu kutaka kwenda. Wanaume wa Kaloleni waliunda kamati ya safari. Walikuwa na mwenyekiti, wakawa na katibu, halafu wakagombana juu ya nani awe makamu, wakaanza upya na mwenyekiti mwingine. Kila nikipita na vibuyu nawakuta wamekaa. "Mama Nai, tunapanga." Panga, nikasema moyoni. Mimi nimepangiwa tangu darasa la tatu.

Nyumbani hapakuwa rahisi. Baba Nai ni mtu mwema, unamjua, lakini alisimama mlangoni na nyundo yake ya useremala mkononi akasema, "Mwanamke anayenyonyesha avuke mpaka kwenda kutazama wanaume wanakimbia?"

Nikamwambia, "Baba Nai, nimekupikia miaka mitano sijaomba hata kwenda Moshi. Siku tatu utapika wewe."

"Na nisipopika?"

"Basi utajua njaa ina ladha gani. Nai atakwenda kwa shangazi yake, huyu mdogo nakwenda naye. Nimeahidi maiti. Wewe ndiye utakayenisaidia kuvunja ahadi?"

Asubuhi yake nikakuta amekaza mguu wa kigoda uliokuwa unalegea, ameupigilia kabari ya mti mgumu. Nilimkaangia yai.

Barua ya Mangi nikaipata, cheti cha ndui nikakipata, mkono ukavimba siku mbili na kazi haikungoja. Lori la maharage likapatikana, la Bwana Gurdev, yule Singasinga wa karibu na soko, ambaye wewe mwenyewe ulimnywesha mtindi alipokuwa bado anaendesha la watu wengine. Nikamwambia nataka kupanda, nauli yangu ni chakula cha njiani na kibuyu kimoja. Akaniangalia, akakiangalia kigoda. "Hiki cha Mama Mtindi?" Nikasema ndicho. "Kigoda bure. Wewe pika viazi."

Nikatayarisha vibuyu vitatu. Hapa, Mama, ndipo nilipokosea, na nakuomba usicheke mpaka nimalize. Wewe ulikuwa unajaza mpaka shingoni. Tangu nakujua. Mimi nikafikiri ulijaza vile ili uuze zaidi, basi. Nikajiambia huko chini Longido ni jua kali, mtindi utafura, utarusha kizibo na kunimwagikia. Kwa hiyo nikajaza nusu tu. Nikajiona nina akili.

Tukaondoka Ijumaa alfajiri. Niliketi kushoto, kama ulivyoagiza, juu ya maharage, mtoto mgongoni, kigoda katikati ya miguu, vibuyu vitatu vimefungwa kamba ubavuni. Meru ikawa nyuma yetu, kilele kimejifunika, na kila tulivyoshuka ndivyo vumbi lilivyozidi. Barabara ile, Mama, imejikunja matuta madogo madogo, na lori linatetemeka kama mwenye homa, halipumziki. Meno yaligongana. Mtoto akalala fofofo; kwake yeye dunia yote ilikuwa inambembeleza. Karibu na Longido kizibo cha kibuyu kikubwa kikaruka, kikaanguka njiani, nami nikaziba kwa kibunzi cha mahindi nikashukuru Mungu kwamba sikujaza.

Tukafika Namanga jua limesimama kichwani. Mfalme ni mmoja huku na huko, shilingi ni moja, lakini gogo wameliweka katikati ya barabara. Barua ya Mangi ikasomwa, sawa. Cheti kikasomwa, sawa. Halafu akaja karani wa Bwana Mifugo, kijana wa kaptula iliyopigwa pasi, akaona vibuyu.

"Hivyo nini?"

"Maziwa."

"Maziwa hayavuki. Kuna sotoka ya ng'ombe Umasaini. Maziwa, ngozi, nyama mbichi, pembe, hakuna kuvuka. Mwaga."

Vibuyu vile ndivyo vilivyokuwa malazi yangu na chakula changu huko niendako. Sikuwa na kingine. Na Bwana Gurdev hangeweza kunilisha siku tatu, wala mimi nisingekubali. Nilijiona nimesimama kando ya gogo na kigoda, nikingoja lori la kunirudisha, na wewe unanitazama. Uchovu wote wa miaka miwili ukanishukia pale pale. Mtoto akaamka, akaanza kutafuta titi.

Nikamwambia yule karani, "Na haya ya mtoto, nayo nimwage?"

Akatazama karatasi yake kama kwamba imeandikwa humo. Abiria wenzangu wa lori wakacheka. Askari naye akageuka akatazama mlima.

"Vibuyu, mama. Mwaga vibuyu."

Nikanyanyua kile kikubwa. Mama, kilikuwa kinagonga ndani. Dum. Nikakitikisa. Dum. Mkono wangu ukaujua ule mshindo kabla ya kichwa changu. Nikamwomba bakuli Bwana Gurdev, nikatoa kibunzi, nikamimina, kikatoka kitu cha manjano, kikubwa kama ngumi, kikaanguka katikati ya bakuli.

Siagi. Lori lilikuwa limenisukia maziwa kutoka Elerai mpaka Namanga, na mimi nimekaa juu ya maharage. Ndipo nilipoelewa kwa nini ulijaza mpaka shingoni: ili mtindi usipate nafasi ya kucheza unapotembea kutoka Akheri, ufike mjini bado ni mtindi. Jambo hilo hukuniandikisha. Ulilijua sana mpaka hukuona kwamba ni la kuandikwa.

"Hii ni siagi," akasema karani.

"Naona," nikasema.

Akaisoma karatasi yake, maziwa, ngozi, nyama, pembe. Akaigeuza nyuma. Bwana Gurdev akateremka, akasoma naye juu ya bega. "Siagi haimo, bwana. Mimi nasoma juu chini, chini juu, haimo."

"Lakini hayo maji yake ni maziwa. Hayo hayavuki."

"Yakiwa tumboni yanavuka?" akauliza Bwana Gurdev.

Karani akafikiri. "Tumbo si kazi yangu."

Basi tukanywa, Mama. Abiria wote, wamesimama upande wa Tanganyika wa gogo, wakipokezana bakuli, na askari akanywa, na mwishoni yule karani mwenyewe akanyoosha kikombe chake cha bati akasema, "Kidogo tu, cha kupima." Nikavuka na madonge matatu ya siagi, moja la kila kibuyu, yamefungwa kwenye majani ya mgomba yaliyofungia viazi. Nilipopita lile gogo nilikishika kigoda juu, kwa mikono miwili. Sijui kwa nini. Nilitaka kipite juu.

Nairobi ni kubwa, sikufichi. Lakini sikuogopa, maana Bwana Gurdev alinipeleka kwa dada yake. Mama yule alinusa siagi, akanusa tena, akafunga macho. Akaitia sufuriani jioni ile ile, akaipika taratibu mpaka ikawa samli, na harufu ikajaa nyumba nzima. Akasema, "Hii ya duka si siagi. Hii ndiyo." Akanipa chumba cha ghala chenye mkeka safi, akanipa chapati na dengu mpaka nikasema basi, na akambeba mtoto ili nilale. Mama, nililala. Sikumbuki mara ya mwisho kulala bila sikio moja kuwa wazi.

Jumamosi nikaenda uwanjani mapema, nikatafuta kona, nikaweka kigoda. Sikuketi. Nilisimama kando yake. Uwanja ukajaa watu wao watupu. Vijana wetu walipotoka, Mungu wangu, walionekana wadogo, na hakuna hata mkono mmoja uliopiga makofi ila wangu, na wangu mmoja ulikuwa umeshika mtoto. Watu wakawa wanawapigia kelele, "Wauza ndizi, mmeziacha wapi ndizi?" Mama mmoja muuza machungwa karibu yangu akaniuliza, "Wewe ni wa wauza ndizi?" Nikamwambia, "Mimi ni wa mtindi."

Wakatufunga mapema. Golikipa wetu, yule yule wa sufuria la moto.

Wakati wa mapumziko Shabani akaja kunawa uso upande wa kona. Akaona kigoda kwanza, ndipo akaniona mimi. Akasimama, maji yanamtiririka kidevuni.

"Hiki si cha Mama Mtindi?"

"Ndicho."

"Na kamati imekuja?"

"Kamati bado inachagua makamu."

Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akainama akakigusa kwa vidole viwili, kama mtu anayepima joto la pasi. "Basi keti, dada. Kiti kitupu kinatutazama vibaya."

Nikaketi, Mama.

Sikujua kwamba kimechimbika vile, kushoto zaidi kuliko kulia. Kumbe hivyo ndivyo ulivyokuwa unakaa. Miguu yangu ikatulia. Nikampakata mtoto, nikatazama mpira, na kwa mara ya kwanza tangu ulipoondoka nikaona kwamba nimekaa, sijaangushwa.

Vijana wetu wakasawazisha. Muuza machungwa akanipiga begani. "Mbona hushangilii? Si timu yako hiyo?"

"La kwanza ni la kusalimia, la pili ndilo lenye habari," nikamwambia.

"Hee. Na mkisalimia tu mkaondoka?"

Muda ukaenda mpaka refa akawa anatazama saa. Ndipo tukapata kona, na kona yenyewe ni hii hii. Mpigaji wetu akaja mbio na mpira, akataka nafasi ya kurudi nyuma, akanikuta.

"Mama, sogeza kigoda."

"Sisogezi."

"Mama, nipate mwendo."

"Mwenye kigoda hakupata kusogea. Piga."

Akanitazama, akatazama kigoda, akapiga kwa hatua mbili tu. Mpira haukupaa. Ulikwenda chini chini, wa aibu, wale mabeki wao warefu wote wakawa wanatazama juu, na Shabani akaurukia kwa kichwa karibu na goti la mtu. Ukaingia.

Nikapiga vigelegele. Sikujua kwamba ninavyo. Vilitoka kifuani, vikubwa, vya kwako, na mtoto akaamka akalia, nikaendelea hivyo hivyo naye akilia. Uwanja wote ulinyamaza, sauti ilikuwa moja. Vijana wetu walikimbilia kona, wakakizunguka kigoda, na Shabani akapaza sauti kwa wale watu wote, "Huyu ndiye Mama Mtindi." Nikatazama nyuma yangu, Mama. Nilidhani umekuja. Kumbe alinionyesha mimi.

Muuza machungwa akanipa chungwa. "Chukua. Kweli la pili lina habari."

Jumapili tukarudi. Niliketi kulia. Kamati tuliikuta kibarazani na makamu mpya. Walipokwisha kusikia, walisimama wote, na yule bwana wa duka la baiskeli akavua kofia. Baba Nai alikuwa ameunguza ugali siku tatu mfululizo na Nai ameshatangaza habari hiyo Elerai nzima. Alikiweka kigoda sebuleni mwenyewe. Akasema, "Kikae hapa, kisipigwe moshi." Siku hizi Nai anakikalia, na simwinui.

Basi Mama, lala. Nakuahidi kigoda hiki kitakwenda kila watakakokwenda, na mimi nikichoka, huyu wa jina lako atakibeba. Wanasema mwakani ni Mombasa. Nimekwisha kugeuza ukurasa mpya wa daftari, lakini mistari haijajaa. Vitu ninavyovihitaji bado kutoka kwako ni hivi, tafadhali nitumie kwa njia unayoijua. Kizibo cha kibuyu kikubwa, ulichochonga mwenyewe, kiko mahali fulani karibu na Longido, mkono wa kushoto. Jina la mti uliofukizia kile kibuyu kidogo, maana nimejaribu mzeituni pori na ladha siyo. Ubeti wa pili wa ule wimbo wa kukamulia, kwa sababu wa kwanza ng'ombe ameuchoka na ananifungia maziwa. Usingizi mwingine kama ule wa Nairobi, mmoja tu. Na kwa safari ya Mombasa, niambie niketi upande gani, kwenda na kurudi.

Mwanao,
Eliaika